Sponji Nyeusi, Sponji ya Pinki: Maswali na Majibu ya Ufungashaji wa Vifaa vya Elektroniki

Maswali haya ni ya mwanafunzi wa ufundi wa elektroniki anayejiandaa kwa mtihani wa nadharia na wa vitendo. Majibu ni marefu pale ambapo watahiniwa wengi huachia alama, na mafupi pale ambapo hakuna la kubishania. Weka kikokotoo karibu.

Swali la 1. Sponji inayofungia bodi ya kompyuta ina kazi gani? (Alama 4)

Kazi ni mbili, na kila moja ina adui wake. Ya kwanza ni kumeza kishindo: boksi likidondoka kutoka kwenye bodaboda, sponji ibonyee ili pigo lote lisiifikie bodi. Ya pili inahusu umemetuli: sponji yenyewe isizalishe chaji inapokwaruzana na bodi, na kama chaji ipo tayari, iiruhusu iondoke taratibu. Sponji ya godoro huiweza kazi ya kwanza vizuri tu. Hali kadhalika polistairini nyeupe, ile inayokuja na runinga mpya, inayolia ikikwaruzwa na kukuachia chembe zinazong'ang'ania mikononi. Kwa kazi ya pili, zote mbili ni hatari. Zile chembe zinang'ang'ania kwa sababu zina chaji.

Mtahiniwa akitaja kazi moja tu, hata akiipamba kwa kurasa mbili, anapata nusu ya alama. Na makosa mengi katika maswali yanayofuata yanazaliwa hapa hapa, kwa kudhani kuwa kinacholinda dhidi ya kishindo kinalinda pia dhidi ya umeme.

Swali la 2. Umemetuli hutoka wapi kwenye meza ya fundi? Toa mifano yenye takwimu. (Alama 6)

Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, elektroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Nywele, nailoni na sufu huelekea kuzipoteza na kubaki na chaji chanya. Polithini, PVC na Teflon huelekea kuzipokea na kubaki na chaji hasi. Kusugua hakuanzishi jambo jipya, kunaongeza tu idadi ya sehemu zinazogusana.

Takwimu zinazorudiwa sana vitabuni zilienezwa na mwongozo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 1980. Kutembea juu ya kapeti hewa ikiwa kavu (unyevu wa asilimia 10 hadi 20) huweza kumpa mtu volti 35,000, lakini hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 90 anapata kama volti 1,500. Kuokota mfuko wa kawaida wa polithini mezani ni volti 20,000 kwenye ukavu na 1,200 kwenye unyevu. Fundi aliyeketi tu akifanya kazi ni 6,000 na 100.

Mfano wa mfuko wa polithini ndio wa kukariri, kwa kuwa ndio unaohusu ufungashaji moja kwa moja. Muuzaji anayekutumbukizia chipu kwenye kifuko cha karanga "isipate vumbi" amekupa chombo cha kuzalisha volti elfu moja na zaidi hata siku ya mvua.

Swali la 3. Fundi anasema: "Miaka yote hii sijapigwa shoti ya umemetuli, kwa hiyo mezani kwangu haupo." Mjibu. (Alama 6)

Binadamu huanza kuhisi mfyatuko wa umemetuli ukifika takriban volti 3,000. Chini ya hapo hasikii kitu. Vifaa vingi vya elektroniki vinaweza kuharibika hata chini ya volti 100. Kati ya 100 na 3,000 pana uwanja mpana ambamo fundi anaua chipu na mkono wake haumwambii lolote.

Sababu iko ndani ya transista. Lango la transista ya aina ya MOS limetenganishwa na silikoni kwa utando mwembamba wa oksidi ya silikoni, na utando huo huvumilia takriban volti 1 kwa kila nanomita ya unene. Utando wa nanomita 10 hutoboka kwa volti zinazokaribia 10. Watengenezaji huweka saketi za ulinzi kwenye miguu ya chipu ili kubeba sehemu ya mfyatuko, ila saketi hizo nazo zina kikomo.

Jambo la pili, na hili ndilo humaliza ubishi: si kila chipu iliyojeruhiwa hufa papo hapo. Nyingine hudhoofika tu. Bodi inawaka, mteja analipa, anaondoka, kisha anarudi baada ya wiki kadhaa akilalamika kuwa simu inazima yenyewe. Fundi ataulaumu mzigo, atalaumu betri, atamlaumu mteja. Huwezi kusema hujawahi kuharibu kitu kwa umemetuli iwapo kipimo chako ni kusikia "cha!" kwenye kidole.

Swali la 4. Mwili wa fundi unachukuliwa kuwa kapasita ya pikofaradi 100 yenye volti 3,000. Anagusa mguu wa chipu kupitia ukinzani wa ohmu 1,500. Kokotoa chaji, nishati, kilele cha mkondo na muda-kigezo. (Alama 8)

Thamani hizi mbili, pF 100 na ohmu 1,500, ndizo zinazotumika duniani kote kuiga mwili wa binadamu wakati wa kupima chipu. Zikariri.

Chaji: Q = CV = 100 × 10⁻¹² × 3,000 = 0.3 × 10⁻⁶, yaani mikrokulombi 0.3.

Nishati: E = ½CV² = 0.5 × 100 × 10⁻¹² × 9,000,000 = 4.5 × 10⁻⁴, yaani milijuli 0.45.

Kilele cha mkondo: I = V/R = 3,000 ÷ 1,500 = ampea 2.

Muda-kigezo: RC = 1,500 × 100 × 10⁻¹² = 1.5 × 10⁻⁷, yaani nanosekunde 150.

Usiishie kwenye namba, kwani alama mbili za mwisho hutolewa kwa maelezo. Nishati ni ndogo mno, haitoshi hata kumsumbua sisimizi, lakini ampea 2 zinapita katika njia nyembamba kuliko unywele kwa muda ambao joto halipati nafasi ya kusambaa. Ndiyo maana doa la kuungua ndani ya chipu huonekana kwa hadubini tu.

Swali la 5. Taja makundi matatu ya vifungashio kwa kigezo cha ukinzani wa uso. (Alama 3)

Vipitishi: chini ya ohmu 10⁴. Vipunguza-chaji: kuanzia 10⁴ hadi chini ya 10¹¹. Vihami: 10¹¹ na kuendelea. Vitabu vya miaka ya 1980 vinaweka mipaka kwenye 10⁵ na 10¹². Ukikuta mgongano kati ya kitabu cha maktaba na kijitabu cha darasani, sababu ni hiyo. Andika mipaka mipya.

Zingatia kwamba sifa ya "kutozalisha chaji" haimo katika makundi haya. Kitu chaweza kuwa na ukinzani wa kati na bado kikazalisha chaji kinaposuguliwa na plastiki fulani. Ni vipimo viwili tofauti.

Swali la 6. Linganisha sponji ya pinki na sponji nyeusi. (Alama 10)

Hili ndilo swali mama.

Sponji ya pinki kwa kawaida ni polithini au poliyurethani iliyochanganywa na kemikali inayopenda maji. Kemikali hiyo hupanda polepole hadi juu ya uso na kuvuta unyevu wa hewani, na utando huo mwembamba wa maji ndio unaopitisha chaji. Plastiki yenyewe haijabadilika, imevikwa tu. Kutokana na hilo unaweza kujieleza udhaifu wake wote bila kukariri. Hewa ikikauka, utando wa maji unapotea na sponji inarudi kuwa kihami. Miaka ikipita, kemikali inaisha. Ukiiosha kwa maji ili ipendeze, umeiondoa kemikali kwa mkono wako. Tena baadhi ya kemikali hizo, hasa za jamii ya amini, huhamia kwenye kitu kilichofungwa na kuacha mafuta juu yake, na zinaweza kupasua plastiki ya polikaboneti. Rangi ya pinki nayo ni rangi tu iliyoongezwa kiwandani ili watu waitambue. Sponji iliyokwisha nguvu hubaki na upinki wake.

Sponji nyeusi imechanganywa na unga wa kaboni tangu inapotengenezwa. Kaboni ikiwa nyingi kiasi cha chembe kugusana, umeme hupata njia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Haihitaji unyevu, haifutiki kwa maji, na kaboni yake haiishi kwa kukaa rafuni. Aina ngumu yenye msongamano mkubwa hutumika kuchomekea miguu ya aisii: miguu yote inaunganishwa pamoja na kuwa na volteji moja, na pasipo tofauti ya volteji hakuna mkondo wa kuunguza kitu. Aina laini hutumika kama mto. Ubaya wake ni kwamba ya bei rahisi hupukutisha vumbi la kaboni, na vumbi hilo likiingia kwenye soketi ya ramu ni tatizo jipya. Ubaya wa pili ni bei.

Kisha andika sentensi ambayo msahihishaji anaisubiri: si kila sponji nyeusi ni ya kaboni. Sponji inayofungiwa kamera, ile ya kwenye masanduku ya spika, na hata ya kuzibia madirisha, zote zinaweza kuwa nyeusi kwa rangi ya kawaida na zikawa vihami kamili. Rangi ni dokezo, kipimo ndicho ushahidi.

Swali la 7. Ikiwa ukinzani mdogo ni mzuri, kwa nini tusifungie kila kitu kwenye karatasi ya alumini? Tumia hesabu. (Alama 8)

Chukua kitu chenye kapasitansi ya pF 100 kilichochajiwa hadi volti 1,000. Kinawekwa juu ya kifungashio kilichounganishwa na ethi. Kushuka hadi volti 100, yaani sehemu ya kumi, huchukua takriban 2.3RC.

R ikiwa ohmu 10¹² (kihami): RC = sekunde 100, na muda ni sekunde 230. Fundi hatangoja karibu dakika nne, ataishika bodi ikiwa bado na chaji.

R ikiwa ohmu 10⁹ (kipunguza-chaji): RC = sekunde 0.1, na muda ni sekunde 0.23. Kabla hujaondoa mkono, chaji imekwisha, na mkondo haukuzidi mikroampea 1.

R ikiwa ohmu 1 tu, kama alumini: RC = nanosekunde 0.1. Chaji inaondoka, lakini inaondoka yote kwa mkupuo. Kwa hesabu hii mkondo ungefika ampea 1,000. Katika hali halisi haufiki huko kwa sababu waya na miguu ya chipu huuzuia kiasi, ila unatosha kuua.

Hii ndiyo ajali isiyohusisha mkono wa mtu kabisa. Chipu inateleza ndani ya mrija wa plastiki, inapata chaji, inadondokea kwenye chuma, na mfyatuko unamalizika ndani ya nanosekunde moja au pungufu. Wenye viwanda wanauogopa zaidi kuliko mguso wa kidole, kwani siku hizi chipu hushikwa na mashine na si watu. Kinachogusana na chipu kitangulie kuwa kipunguza-chaji, kipitishi kikae nje yake.

Swali la 8. "Bodi imefungwa kwenye sponji ya pinki, kwa hiyo imelindwa." Jadili. (Alama 10)

Kifungashio kamili hujibu maswali matatu. Je, kinazalisha chaji? Je, kinaruhusu chaji iliyopo iondoke? Je, kinazuia mfyatuko na uga wa umeme unaotoka nje? Sponji ya pinki iliyo hai hujibu vizuri la kwanza na la pili. La tatu hailiwezi kamwe. Mtu mwenye volti elfu kadhaa akigusa boksi, uga wake unapenya katoni, unapenya sponji, na kufika kwenye bodi.

Kinga ya jambo la tatu inatoka kwa Michael Faraday, aliyeonyesha London mwaka 1836 kwamba ndani ya chumba kilichozungushiwa kipitishi, umeme wa nje hausikiki. Mfuko wa rangi ya fedha unaoletwa na hadi diski au madabodi ni chumba hicho kwa umbo la plastiki. Ushike kwenye mwanga utaona bodi ndani yake, kwa sababu utando wa metali ni mwembamba mno hata mwanga unapita. Kwa kawaida una tabaka tatu: polyesta nje, metali katikati, na ndani polithini ya kupunguza chaji, ile inayogusana na bodi. Sasa utazame vizuri kwenye mikunjo na kwenye pembe. Ukiona mistari myeupe ya msokoto au tundu lililotobolewa na mguu wa kapasita, metali imekatika pale na chumba cha Faraday kina dirisha. Mfuko wa kutumika mara ya tano si mfuko wa mara ya kwanza. Pia mdomo uzibwe. Mfuko ulioachwa wazi haujafunga kitu.

Mpangilio sahihi basi ni huu: bodi ndani ya mfuko wa fedha uliozibwa, kisha sponji nje ya mfuko kwa ajili ya kishindo, kisha katoni. Watahiniwa wengi hugeuza, wakaiweka sponji ya kawaida ndani ya mfuko pamoja na bodi. Hapo wamemfungia mwizi ndani ya nyumba: bodi inatikisika njia nzima, inasuguana na sponji, na chaji inazaliwa ndani ya kuta zile zile zilizowekwa kuizuia.

Swali la 9. Kweli au si kweli? Toa sababu fupi. (Alama 5)

Mfuko wa fedha unafaa kuwa mkeka wa kuwashia bodi majaribio. *Si kweli.* Una metali ndani na uso wake haukutengenezwa kuwa kihami. Bodi ijaribiwe juu ya kadibodi kavu au juu ya nguzo zake.

Nailoni ya mapovu ya rangi ya pinki ni sawa na mfuko wa fedha. *Si kweli.* Haina tabaka la metali.

Alama ya pembetatu yenye mkono uliokatwa na mstari humaanisha kifungashio ni salama. *Si kweli.* Hiyo huonya kuwa kilichomo ni dhaifu kwa umemetuli. Kifungashio chenye kinga huwa na pembetatu yenye mkono usiokatwa, na tao juu yake.

Mkanda wa mkononi una rezista ya megaohmu 1 ili kumlinda fundi. *Kweli.* Akigusa volti 230 za ukutani, mkondo kupitia mkanda hauzidi miliampea 0.23.

Kihami kilichochajiwa huondolewa chaji kwa kukiunganisha na ethi. *Si kweli.* Chaji ya kwenye kihami haitembei. Waya wa ethi unaondoa ya pale ulipogusa tu.

Swali la 10. Madabodi yenye betri ya saa ya volti 3 imehifadhiwa miezi miwili juu ya sponji nyeusi. Betri imekwisha. Eleza. (Alama 4)

Sponji ya kaboni ni kipitishi. Miguu iliyochomoza chini ya bodi imezama ndani yake, na baadhi imeunganishwa na betri. Mkondo mdogo umepita usiku na mchana hadi betri ikakauka. Kwa bodi yenye betri isiyotoka tumia kipunguza-chaji, au toa betri kwanza. Jibu la "betri ilikuwa feki" halina alama, hata kama madukani lina ukweli wake.

Swali la 11. Aisii za zamani zilizohifadhiwa kwenye sponji nyeusi zimepata kutu miguuni. Nini kimetokea? (Alama 5)

Ukilifungua sanduku la aina hii hutasahau. Sponji iliyokuwa ikirudi inapobonyezwa sasa inabaki na alama ya kidole. Pembeni imekuwa kama lami inayonata, na aisii ukiivuta inatoka na vipande vyeusi kwenye kila mguu. Futa kwa spiriti, utakuta chini yake mguu umepoteza mng'ao na una madoa ya kijani au meusi.

Hiyo ilikuwa poliyurethani. Unyevu wa hewa na joto huvunja minyororo ya molekuli zake, na mabaki hushambulia metali. Saketi za CMOS za mfululizo wa 4000, ambazo kampuni ya RCA ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1968, zilikuwa dhaifu sana kwa umemetuli, na wengi walizihifadhi kwa kuzichomeka kwenye sponji ya namna hii. Walizilinda dhidi ya umeme na kuzitoa kafara kwa kutu. Kwa kuhifadhi muda mrefu tumia sponji ya polithini yenye kaboni, ambayo vishimo vyake vimefungika na havinywi maji, au mrija maalumu wa aisii.

Swali la 12. Boksi linadondoka kutoka sentimita 75. Sponji inabonyea sentimita 2.5. Kokotoa wastani wa mpunguo wa kasi kama idadi ya g. (Alama 5)

Kasi ya kugonga: v² = 2gh. Mpunguo: a = v²/2d = gh/d. Kwa hiyo a = g × 75 ÷ 2.5 = 30g. Bodi ya kilo 0.4 inahisi nguvu ya wastani ya 0.4 × 30 × 9.8, takriban nyutoni 118. Kilele huwa juu zaidi. Kwa sponji inayofanya kama springi ni kama maradufu, yaani 60g.

Swali la nyongeza huuliza kwa nini sponji ngumu si bora. Kwa sababu d inakuwa ndogo. Sponji ngumu chini ya bodi nyepesi haibonyei, na laini mno chini ya hadi diski nzito inabonyea hadi mwisho kisha kifaa kinagonga katoni. Msongamano wa sponji huchaguliwa kwa kugawa uzito wa kifaa kwa eneo linalokalia sponji, wala si kwa kuibonyeza dukani kwa dole gumba.

Swali la 13. Je, fundi wa Dar es Salaam ana haja ya kuogopa umemetuli kama wa Toronto? (Alama 6)

Wa Toronto yuko hatarini zaidi wakati wa baridi: hewa ya nje ina maji kidogo, na ikipashwa moto ndani ya nyumba unyevu wake wa kulinganisha unaporomoka. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Lakini usiandike "hapana" ukaishia hapo.

Kwanza, kiyoyozi hukausha hewa. Yale maji yanayodondoka nje ya ukuta yametoka chumbani. Pili, Dodoma wakati wa kiangazi si Dar. Tatu, mzigo unaoshuka Kariakoo au Luthuli, Nairobi, ulifungwa mahali pengine na huenda umepitia ndege, ambamo hewa ni kavu. Sponji ya pinki yaweza kukauka njiani. Nne, rudi kwenye takwimu za Swali la 2: volti 1,200 za mfuko wa polithini zilipimwa kwenye hewa yenye unyevu, nazo ni zaidi ya mara kumi ya kinachotosha kuua chipu.

Ukitaka alama ya ziada, ongeza kwamba unyevu huo huo unaoipa nguvu sponji ya pinki ndio unaoivunja poliyurethani na kuleta kutu. Fundi wa pwani ana shida kidogo ya chaji na shida kubwa ya kuhifadhi.

Swali la 14. Unaweza kupima sponji kwa maltimita? (Alama 4)

Nyeusi, kwa kukisia, ndiyo: chomeka ncha mbili kwa umbali wa sentimita chache, na ukipata kilo-ohmu unajua kaboni ipo. Usipopata kitu hata kwenye kipimo cha megaohmu, ichukulie kuwa kihami chenye rangi. Pinki haipimiki hivyo. Ukinzani wake ni wa mamia ya megaohmu na kuendelea, na betri ya volti 9 ya maltimita haifui dafu. Kipimo chenyewe hutumia volti 10 kwa vipitishi na volti 100 kwa vipunguza-chaji, kwa elektrodi mbili nzito za takriban kilo 2.27 zinazowekwa juu ya uso, na unyevu wa chumba huandikwa pamoja na jibu. Jibu lisilo na unyevu kwa sponji ya pinki halina maana.

Swali la 15 (vitendo). Umepewa bodi ya runinga, mfuko wa fedha, sponji ya pinki, polistairini nyeupe, gazeti na katoni. Ifunge isafirishwe kwa basi hadi Mwanza. (Alama 12)

Vaa mkanda wa mkononi na uunganishe na ethi kabla hujaigusa bodi. Msahihishaji anaanza kuhesabu hapo. Ondoa polistairini mezani, si kuisogeza tu. Shika bodi kwenye kingo, usiguse viunganishi. Kama kapasita kubwa bado ina chaji ya umeme wa ukutani, itoe kwa rezista, hilo ni suala la uhai wako na halihusiani na umemetuli. Weka bodi ndani ya mfuko ambao umeukagua kwenye mwanga, toa hewa ya ziada, kunja mdomo na uuzibe. Funika kwa sponji ya pinki pande zote sita, pembe zikipewa zaidi. Gazeti lijaze nafasi kati ya sponji na katoni, mbali na mfuko. Tikisa katoni: ukisikia kitu kinacheza, fungua uongeze. Bandika alama ya pembetatu yenye mkono uliokatwa juu ya mfuko na juu ya katoni pia, maana atakayepokea Mwanza ataona katoni kwanza, na wengi hupasua mfuko kwa kisu kabla hawajasoma chochote.